Kurasa za Mwongozo Zikae Pale Programu Zilipo

Mchana mmoja wa joto, katika chumba cha kompyuta ninachokisimamia hapa Tanga, mwanafunzi alinyoosha mkono akaniambia, "Mwalimu, mashine inasema faili halipo, na faili lipo hapa naliona." Nilisogea nikatazama. Alikuwa amenakili kutoka kwenye simu yake amri ya sed ya kubadilisha neno moja ndani ya orodha ya majina, na mara baada ya -i palikuwa na alama mbili za kunukuu zisizo na kitu ndani yake. Amri ile haikuwa na kosa, ila ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya Mac na FreeBSD, mfumo wa jamii ya BSD (tawi la Unix), ambako -i hudai kupewa kiambishi cha jina la nakala ya akiba, na alama tupu humaanisha kwamba nakala hiyo haitakiwi. Mashine zetu zinatumia sed ya GNU, ile ya Linux nyingi, ambayo hutaka kiambishi hicho kishikamane na -i yenyewe. Ikikuta alama tupu zimetengwa kwa nafasi, huzihesabu kuwa ndiyo maagizo, na maagizo ya kweli yanayofuata huyachukua kuwa ni jina la faili. Faili alilokuwa akiambiwa halipo lilikuwa ni agizo lake mwenyewe la kubadilisha neno.

Nikamwambia aandike man sed, amri ya kufungua ukurasa wa mwongozo wa sed, yaani maelezo yake yanayokaa ndani ya mashine yenyewe. Mashine ikajibu kwamba mfumo umepunguzwa, na kwamba kurasa za mwongozo zimeondolewa.

Jibu hilo lilinikera kuliko kosa la amri, kwa sababu amri mtu hujifunza kwa kukosea, lakini hapa tulikuwa tumewaketisha vijana kumi na wawili mbele ya mashine ambazo zimenyang'anywa maelezo yake. Ubuntu iliyopunguzwa, aina ya Linux iliyo kwenye mashine zetu, ilitengenezwa kwa ajili ya seva ambazo hakuna mtu anayeketi mbele yake, na kwa kazi hiyo kuondoa kurasa za mwongozo ni uamuzi wenye mantiki. Katika chumba cha kujifunzia hauna mantiki yoyote. Ipo amri ya kuzirudisha, unminimize, lakini kazi yake ni kupakua upya vifurushi vya programu kutoka mtandaoni, na chumba chetu hutegemea bando la simu yangu. Mashine kumi na mbili zikipakua vifurushi vyake upya, bando la mwezi halifiki jioni.

Ndipo nikaamua kujenga programu ya kusomea kurasa hizo mwenyewe, kutoka kwenye msimbo chanzo, na kuisambaza kwa flashi. Naandika hapa jinsi ilivyokwenda, kwa sababu kazi hii ilinifundisha mambo ambayo miaka mingi ya kusakinisha vifurushi kwa amri moja haikunifundisha.

Kwanza niseme kwa nini naona ukurasa wa mwongozo unastahili taabu hiyo. Maelezo ya mtandaoni ni mengi, na mengine ni mazuri mno, lakini hayajui ni mashine gani iliyo mbele yako. Ukurasa wa mwongozo umetoka katika kifurushi kilekile kilichotoa programu, wa toleo lilelile, na ukisema chaguo fulani lipo, basi lipo katika programu uliyo nayo wewe. Desturi hii ni ya zamani. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo ambao Linux na BSD hufuata nyayo zake, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, una tarehe ya 3 Novemba 1971, na tayari ulikuwa umegawanywa katika sehemu zenye namba: amri katika sehemu ya kwanza, miito ya mfumo (maombi ambayo programu hupeleka kwa kiini cha mfumo) katika ya pili, na kuendelea. Tayari ulikuwa pia na kichwa cha BUGS, mahali ambapo mwandishi wa programu anaeleza waziwazi kasoro anazozijua. Nakipenda kichwa hicho kuliko vyote. Mtu anayekuambia mapema kwamba chombo chake kinavuja upande gani anakuheshimu.

Ukitaka programu ya kusomea kurasa kwenye Linux, unakutana na njia mbili kuu. Ya kwanza ni man-db, inayotunzwa na Colin Watson tangu mwaka 2001, ambayo ndiyo ipo katika usambazaji mwingi wa Linux. Ni programu imara, lakini haipangi ukurasa yenyewe. Huupeleka kwa groff, programu ya kupanga maandishi, ambayo James Clark aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1990, na groff imeandikwa kwa lugha ya C++. Kwa hiyo anayeijenga man-db kutoka mwanzo hujenga pia groff, maktaba ya libpipeline, na maktaba ya hifadhidata kama vile gdbm. Njia ya pili ni mandoc, iliyoanzishwa na Kristaps Dzonsons mwaka 2008 na kutunzwa kwa miaka mingi na Ingo Schwarze wa OpenBSD, mfumo mwingine wa jamii ya BSD. Hii husoma ukurasa, huupanga, huuonyesha na hutafuta, yote ndani ya programu moja iliyoandikwa kwa C, na nje ya yale ya kawaida ya mfumo haihitaji ila zlib, maktaba ya kubana na kufungua mafaili. OpenBSD iliiweka mahali pa groff mwaka 2010, Alpine Linux huitumia, na Apple nao wameitumia tangu macOS 13. Mimi nilichagua mandoc, toleo la 1.14.6, kwa sababu ya flashi: mnyororo mfupi hukatika mara chache.

Nilipolifungua tarball, yaani furushi la msimbo chanzo, na kuingia ndani, sikukimbilia kuandika ./configure, skripti ya kukagua mfumo kabla ya kujenga. Nililisoma faili hilo kwanza. Jambo hili huwezi kulifanya na programu nyingi, maana hati ya configure inayozalishwa na zana ya autoconf huwa na maelfu kwa maelfu ya mistari ambayo haikuandikwa isomwe na binadamu. Ya mandoc imeandikwa kwa mkono, ni skripti ya kawaida ya sheli, na mtu mwenye subira anaimaliza kabla chai haijapoa. Ukiifuata, unaona wazi kwamba haina uchawi wowote. Kuna mafaili madogo ya C yenye majina yanayoanzia na test, kila moja likijaribu kutumia kitu kimoja tu cha mfumo: test-strlcpy.c hujaribu kuita strlcpy, kazi ndogo ya kunakili maandishi, test-fts.c hujaribu fts, ya kupitia saraka, na kadhalika. Skripti huliwasilisha kila faili kwa kompaila, chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu. Likikubalika na likifanya kazi, kitu hicho kipo. Likikataliwa, hakipo, na mahali pake hutumika mbadala uliomo ndani ya tarball lenyewe, kama vile compat_strlcpy.c.

Hapo niliwaita wanafunzi waliokuwa karibu tuangalie pamoja. Kwenye mashine zetu, jaribio la strlcpy lilishindwa. Kwenye kompyuta yangu ya kubeba, ambayo ni mpya zaidi, lilifaulu. Sababu ni kwamba glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux nyingi, haikuwa na strlcpy mpaka toleo la 2.38 la Agosti 2023, ingawa BSD walikuwa nayo muda mrefu kabla ya hapo. Tofauti ile ambayo watu huieleza kwa maneno mengi, kwamba Unix si mfumo mmoja bali ni ukoo wa mifumo, ilikuwa pale kwenye skrini katika mstari mmoja wa ndiyo au hapana. Kijana wa sed aliiangalia kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ndiyo ile ile ya alama tupu." Ndiyo ile ile.

Maamuzi ya msakinishaji huandikwa katika faili la configure.local, ambalo unaliunda wewe mwenyewe kabla ya kuendesha configure. Langu, baada ya kurekebishwa, lilibaki na mistari michache:

PREFIX=/usr/local
MANDIR=/usr/local/share/man
MANPATH_DEFAULT=/usr/share/man:/usr/local/share/man

Nimesema baada ya kurekebishwa kwa sababu nilianza vibaya, na kosa lenyewe linafaa kuelezwa. Nilijaribu kwanza kwenye kompyuta yangu, ambayo ilikuwa na man-db kamili, na kwa kutaka kila kitu kikae mahali pake rasmi niliandika PREFIX=/usr, yaani saraka ya kusakinishia iwe /usr. Usakinishaji ukapita bila neno. Kumbe faili la man lililokuwa mali ya kifurushi cha man-db nilikuwa nimelifunika na langu, bila meneja wa vifurushi kujua lolote. Man-db na mandoc kila moja ina hifadhidata yake, na haisomi ya mwenzake. Kwa hiyo kwa siku kadhaa mfumo uliendelea kuitunza kila usiku hifadhidata ambayo hapakuwa tena na wa kuisoma. Kisha likaja sasisho la kawaida la man-db, likarudisha faili lake, na mandoc niliyoijenga ikapotea nusu: amri ya man ya watu hawa, amri ya mandoc ya watu wale. Nilitumia jioni nzima kutenganisha. Saraka ya /usr ni ya meneja wa vifurushi, na /usr/local imeachwa kwa ajili ya anayejenga mwenyewe. Kwa kuwa /usr/local/bin hutangulia /usr/bin katika njia ya kutafutia amri kwenye mashine zetu, man iliyojengwa kwa mkono hushinda bila kuigusa iliyopo. Anayetaka zote mbili zionekane kwa majina tofauti anaweza kuongeza BINM_MAN=mman katika faili hilohilo.

Ujenzi wenyewe, yaani amri ya make, ulichukua chini ya dakika moja kwenye mashine za zamani, lakini jaribio la kwanza lilikwama. Kompaila ililalamika kwamba zlib.h halipo. Maktaba ya zlib ilikuwepo, maana mfumo hauwezi kuishi bila hiyo. Lililokosekana ni faili la vichwa, ambalo Ubuntu huliweka katika kifurushi tofauti kiitwacho zlib1g-dev. Anayejenga kutoka kwenye chanzo kwa mara ya kwanza hukwama hapa kuliko mahali pengine popote: maktaba ya kuendeshea programu ni kitu kimoja, na vichwa vya kuijengea programu ni kitu kingine. Na mandoc inaitaka zlib kwa sababu inayoonekana kwa macho, kwani kurasa zilizo katika /usr/share/man kwenye Ubuntu zimebanwa na majina yake huishia na .gz. Nililileta kifurushi hicho kwa flashi, na make ikaenda hadi mwisho.

Kabla ya kusakinisha nilifanya mambo mawili ambayo sasa siyaachi. La kwanza ni make regress, ambayo hupitisha kurasa nyingi ndogo za majaribio kwenye programu uliyoijenga na kulinganisha matokeo na yale yanayotarajiwa. Inahitaji lugha ya Perl, na kwetu ilikuwepo. La pili ni kusakinisha kwanza pembeni:

make DESTDIR=/tmp/jaribio install
find /tmp/jaribio

Hapo unaona kila faili litakalowekwa, na mahali litakapowekwa, kabla halijagusa mfumo. Laiti ningelifanya hivyo siku ile ya /usr. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini unagundua jambo zuri: man, apropos, whatis, makewhatis na mandoc ni faili lile lile moja, lililopewa majina mengi kwa viungo. Programu ikiamka hujitazama imeitwa kwa jina gani, na hufanya kazi ya jina hilo. Mwanafunzi mmoja alifananisha na mtu anayeitwa baba nyumbani, mwalimu shuleni na mwenyekiti mtaani, na sijapata maelezo bora zaidi ya hayo.

Msomaji bila kurasa ni rafu tupu. Kurasa za miito ya mfumo na za maktaba ya C hutoka katika mradi wa Linux man-pages, ambao nao hutolewa kama tarball na kusakinishwa kwa make install, lakini ukurasa wa ls hutoka katika coreutils, wa sed hutoka katika sed, na kila programu kwa utaratibu huo. Kuzikusanya zote kutoka vyanzo vyake kungekuwa kazi ya miezi. Kwa bahati nilikuwa na mashine moja ya ofisini yenye Ubuntu ya toleo lilelile, isiyopunguzwa, na ya matoleo yaleyale ya vifurushi; nilizifunga kurasa zake kwa tar nikazibeba. Kwenye kila mashine nililiondoa pia faili la /etc/dpkg/dpkg.cfg.d/excludes, ambalo ndilo lililokuwa likiiagiza dpkg, msakinishaji wa vifurushi wa Ubuntu, iruke kurasa za mwongozo, ili masasisho yajayo yaje na maelezo yake. Kisha makewhatis, amri inayosoma kurasa zote na kuunda mandoc.db, hifadhidata ya majina na maelezo mafupi, ili man -k iweze kutafuta.

Kijana wetu akaandika tena man sed. Akashuka hadi kwenye -i, akaona neno SUFFIX limeandikwa ndani ya mabano likiwa limegandana na herufi i, bila nafasi. Akaliangalia, akarudi kwenye amri yake, akafuta alama mbili na nafasi moja. Sikusema kitu.

Ningeweza kuishia hapo, lakini siku zile zile kilitokea kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Tuna skripti ndogo iitwayo nakili-kazi, inayonakili kazi za wanafunzi kwenye flashi mwishoni mwa kipindi, na kila muhula nilikuwa nikiieleza upya kwa mdomo. Niliamua kuiandikia ukurasa, kwa Kiswahili, katika lugha ya mdoc, ambayo ilibuniwa na Cynthia Livingston huko Berkeley na ambayo mandoc huisoma vizuri kuliko nyingine zote. Katika mdoc huandiki jinsi neno litakavyoonekana, unaandika neno ni nini: hili ni jina la programu, hili ni chaguo, hii ni njia ya faili. Mwanzo wake uko hivi:

.Sh NAME
.Nm nakili-kazi
.Nd hunakili kazi za wanafunzi kwenye flashi

Kichwa cha NAME nilikiacha kwa Kiingereza, si kwa kupenda. Nilikuwa nimeandika JINA, na mandoc -T lint, ambayo hukagua ukurasa na kutaja kasoro mstari kwa mstari, ikaonya kwamba sehemu ya kwanza si NAME. Zana za kutafuta hutegemea kichwa hicho ili zijue ukurasa unahusu nini. Nilikubali kwa shingo upande. Maelezo yote yaliyobaki ni Kiswahili.

Nilipoulinganisha ukurasa ule kwa groff na kwa mandoc, niligundua kwamba lugha yetu ina madai yake. Groff huweza kugawanya maneno mwishoni mwa mstari, na isipoambiwa vinginevyo hufuata kanuni za Kiingereza. Maneno yetu marefu, kama "wasiojiandikisha", yakakatwa mahali ambapo Mswahili hasikii silabi. Kuna agizo la kuizuia, .nh, lakini basi groff ikinyoosha kingo zote mbili za maandishi, maneno marefu huacha mapengo makubwa katikati ya mstari. Mandoc haigawanyi maneno wala hainyooshi kingo ya kulia. Wengine huuona huo kuwa ni upungufu wa upangaji. Kwa Kiswahili mimi nauona ni upangaji unaofaa zaidi, na macho ya wanafunzi yalikubaliana nami.

Jambo kubwa lilikuwa la herufi moja. Katika ukurasa niliandika onyo, sentensi moja katika mstari wake kama mdoc inavyotaka, lililoanza na neno lililowekwa ndani ya alama moja moja za kunukuu: 'Flashi' hapa maana yake ni ile yenye lebo KAZI peke yake. Nilipousoma ukurasa kwenye skrini, sentensi hiyo haikuwepo. Aya iliyotangulia ilikuwepo, iliyofuata ilikuwepo, na onyo, lile hasa lililonifanya niandike ukurasa, lilikuwa limemezwa kimya kimya. Lint ndiyo iliyonionyesha: mstari huo una makro (agizo) isiyojulikana, umerukwa. Katika roff, lugha ambayo mdoc imejengwa juu yake, mstari ukianza na nukta ni agizo, hilo nililijua. Nisilolikumbuka ni kwamba ukianza na alama moja ya kunukuu nao ni agizo pia. Ng'ombe na ng'ambo ziko salama kwa sababu alama yake imo ndani ya neno, lakini neno lililonukuliwa likitangulia mstari, sentensi nzima hupotea. Dawa yake ni kutanguliza \&, herufi isiyo na upana, ili mstari usianze tena na alama hiyo. Anayetaka kuandika kurasa kwa Kiswahili na alikumbuke hili kabla ya yote, na asitoe ukurasa wowote bila kuupitisha kwenye lint.

Ukurasa uliporekebishwa niliuweka katika /usr/local/share/man/man1 kwenye mashine zote, nikaendesha makewhatis. Ukiandika man -k flashi, jibu ni mstari mmoja:

nakili-kazi(1) - hunakili kazi za wanafunzi kwenye flashi

Chini ya BUGS niliandika kwamba skripti haikagui kama flashi ina nafasi ya kutosha, na kwamba ikijaa hunakili nusu ya kazi bila kusema. Wiki iliyofuata kijana wa sed alikuja na skripti aliyoirekebisha, ambayo hupima nafasi kabla ya kuanza. Tuliijaribu kwa flashi iliyojaa, ikakataa kama inavyopaswa. Kisha akafungua ukurasa, akaufuta mstari ule wa BUGS, akaupitisha kwenye lint, na akaniomba neno la siri ili aendeshe makewhatis yeye mwenyewe.